Kenchi Iliyogeuka Chini ya Ntinda

Siku ile tulikuwa hawa: Injinia Nakato, mwenye michoro na mwenye kauli ya mwisho, Ssalongo, dereva wa kreni, mwanamume mpana aliyeketi kwenye kiti chake kana kwamba kreni imejengwa kumzunguka, Okot na Wafula, wafungaji bolti, Mama Feza, Mkongo aliyetupikia ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kibanda chake cha mbao kando ya mfereji, Taban, ndugu yangu wa mwisho, na mimi, nyapara wao. Mheshimiwa wa kukata utepe alikuwa bado hajafika. Nawataja wote mapema kwa sababu hadithi za kazi hupunguza watu kadiri miaka inavyokwenda, mpaka anabaki mmoja tu, na mara nyingi huyo mmoja ndiye anayesimulia. Siku ile haikuwa yangu peke yangu.

Tulikuwa tunaweka daraja la waenda kwa miguu juu ya mfereji mkubwa ulio chini ya Ntinda, hapa Kampala, pale maji ya vilima vyote yanapokutana na kushuka kwa hasira. Daraja la kenchi. Nyinyi vijana wa karakana mnaijua kenchi ya paa. Hiyo hiyo ishushe, isimamishe moja kushoto na moja kulia, weka sakafu katikati, watu wapite. Hilo ndilo daraja la kenchi, na hiyo ndiyo kazi iliyonilea mimi, na mimi nikawalea wengine kwayo.

Niliacha shule darasa la saba. Baba alikuwa askari kutoka West Nile, akafa. Mama akamfuata kabla Taban hajaanza kutembea. Ndugu wa baba walikuja kambini wakataka kutugawana kama vyombo vya jikoni, huyu aende kwa huyu, yule aende kwa yule. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nikasema hakuna kugawana. Sijui sauti ile niliitoa wapi, lakini walimaliza chai yao wakaondoka, na kesho yake nikaenda eneo la viwanda kutafuta kazi, Taban akiwa mgongoni.

Kazi niliyopata ilikuwa kuchambua bolti kwenye yadi ya vyuma. Yadi ile ilinunua madaraja ya zamani yaliyobomolewa, na bolti zake zililetwa kwa magunia, zimejaa kutu na grisi. Nilikuwa naziosha kwa dizeli, kila moja naitafutia nati yake. Wadogo zangu walijifunzia kuhesabu hapo hapo, kwenye mafungu ya nati. Taban alimeza moja. Tukasubiri, ikatoka yenyewe, tukaiosha, tukairudisha kwenye fungu lake. Iko kwenye daraja fulani hapa nchini hadi leo. Sitawaambia lipi.

Pale yadi alikuwepo Mzee Lomoro, mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha wahandisi, aliyekuwa ameunganisha madaraja ya vipande ya jeshi porini kabla sijazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, ambacho hakijali sarufi na bado kinafika kinakokwenda.

"Wewe mtoto ya afande," akaniita siku moja. "Kuja. Acha hiyo bolti, haikimbii."

Alikuwa amekaa chini na rundo la miwa. Alikata vipande vinne akavipigilia misumari kwenye pembe, vikafanya mraba.

"Sukuma hapa."

Nikasukuma. Mraba ukalala chini kama mlevi.

Akauinua, akaongeza kipande cha tano kutoka pembe hadi pembe. "Sukuma tena."

Nikasukuma mpaka misumari ikalia. Haukulala.

"Sasa unajua kenchi," akasema. "Ingine yote ni kelele tu."

Lakini hakuishia hapo. Alikitoa kile kipande cha tano, mahali pake akafunga kamba ya mgomba. Akaniambia nisukume kutoka kushoto: kamba ikakaza, mraba ukasimama imara. Nisukume kutoka kulia: kamba ikalegea, mraba ukalala tena.

"Kamba iko na kazi moja," akasema. "Kuvuta. Ukimwambia asukume atakuangalia tu. Muwa anaweza kusukuma, anaweza kuvuta, lakini ukimfanya mrefu na mwembamba, halafu umbane kichwa na miguu, atapinda tumbo. Sasa wewe, ukiona daraja, usiulize ni kubwa au ni ndogo. Uliza: nani anavuta hapa, nani anabanwa?"

Kisha tukalitafuna lile daraja, mimi na yeye na wadogo zangu, tukaufunga mkutano. Tangu siku ile sijawahi kupita darajani bila kujiuliza swali lake, na wanaotembea nami wanajua kwamba watanisubiri.

Basi tujiulize pamoja. Chukua mkate mrefu, ushike ncha zake mbili, uubonyeze katikati kwa kidole gumba. Juu unakunjana, chini unachanika. Daraja nalo ni hivyo. Ukanda wa juu wa kenchi unabanwa, ukanda wa chini unavutwa. Aina zote za kenchi ninazozijua zinafanana hapo, zikiwa zimekaa juu ya vitako viwili, yaani misingi ya kingo mbili. Zinapotofautiana ni katikati, baina ya kanda hizo mbili, kwenye nguzo na mishazari. Nguzo ni chuma kilichosimama wima. Mshazari ni kile kilicholala kwa pembe. Nafasi iliyo kati ya nguzo mbili sisi tunaiita chumba.

Tuliyoifanya zaidi ni ile tuliyoiita N, kwa sababu ukikitazama chumba chake kwa ubavu unaiona herufi hiyo. Vitabuni mtaikuta kwa jina la Pratt. Katika N, mishazari ya pande zote mbili inashuka kuelekea katikati ya daraja. Mzigo ukikaa, mishazari inavutwa na nguzo zinabanwa. Kinachovutwa kinaweza kuwa chembamba bila aibu yoyote. Kinachobanwa lazima kiwe kinene, na kiwe kifupi ikiwezekana. Kwa hiyo N ni daraja la mtu mwenye akili ya kubana matumizi: nguzo zake, ambazo ni fupi, ndizo nene, na mishazari yake mirefu ni bapa jembamba la chuma tu.

Ukiigeuza, mishazari ikapanda kuelekea katikati, unapata Howe. Hapo mambo yanapinduka: mshazari unabanwa, nguzo inavutwa. Si daraja baya. Wazee waliijenga kwa mbao, mishazari ya gogo nene na nguzo za nondo, na ilibeba treni. Lakini vipande vyake vilikatwa kwa kazi hiyo. Kumpa mshazari wa N kazi ya mshazari wa Howe ni kama kuiambia ile kamba ya mgomba isukume.

Halafu iko W, ambayo vitabu vinaiita Warren. Nyingi hazina nguzo kabisa, ni pembetatu zimepangana, mshazari mmoja unavutwa, jirani yake anabanwa, hivyo hivyo hadi mwisho. Taban husema W ni familia yetu: mmoja akivuta, mwingine anasukuma, na daraja linasimama. Na kwa madaraja marefu sana, ambapo nguzo ingekuwa ndefu mno na kupinda, wanaishika nguzo katikati kwa mishazari miwili, inaonekana kama K. Hiyo nimeifunga mara chache, na kila mara shingo iliniuma kwa kutazama juu.

Jambo jingine la Mzee Lomoro: mzigo uwekwe kwenye kiungo, pale vyuma vinapokutana. Kenchi inaelewa mambo yanayosemwa kwenye viungo tu. Kulikuwa na fundi wa pikipiki kule Mengo tuliyemjengea paa la gereji, W nzuri ya kupendeza. Baada ya wiki akaja analalamika kwamba tumemuuzia chuma kibovu. Tukaenda. Alikuwa ametundika injini katikati ya kipande cha chini, si kwenye kiungo, na kipande kimelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hii kenchi yenu haina nguvu," akasema.

Mzee Lomoro akaishusha injini, akaisogeza hatua moja hadi kwenye kiungo, akaitundika. Halafu akajining'iniza na yeye mwenyewe hapo hapo, miguu hewani, akamwambia yule fundi, "Sasa ongeza mke wako."

Siku hizi mna kompyuta. Injinia Nakato alinionyesha: daraja linatokea kwenye kioo, kila kipande na rangi yake, nyekundu kinabanwa, buluu kinavutwa. Nilifurahi kama mtoto. Miaka yote hiyo nilikuwa naziona rangi hizo kichwani, kumbe kuna mahali zipo kweli. Msije mkamsikiliza mzee yeyote anayewaambia kompyuta imeharibu kazi. Ribiti nazo ziliondoka, zile za kuchoma mpaka ziwe nyekundu na kurushiana kwa koleo; nimeona shati la mtu likishika moto kwa sababu mwenzake alirusha vibaya, na sizililii hata kidogo. Bolti ni bora. Kinachobaki kilekile ni swali: nani anavuta, nani anabanwa?

Sasa turudi mferejini.

Daraja lile lilikuwa N yenye ncha za mraba, limetengenezwa yadi kwa nusu mbili. Nusu zile zilikuja kwa lori ili ziunganishwe kando ya mfereji, halafu kreni iliinue daraja zima na kulikalisha. Desturi ya genge letu ilikuwa kupaka kiganja cha rangi nyeupe kwenye ncha inayokwenda katikati. Kiganja hasa, cha mkono wa mtu. Viganja viwili vikikutana, umeunganisha sawa. Desturi hiyo haikuwahi kutuangusha.

Lakini kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa anakuja, wapaka rangi wa yadi waliagizwa walipambe daraja kabla halijapakiwa. Wakalipamba. Kijani kila mahali, na viganja vyetu ndani yake. Matundu ya bolti yalikuwa yametobolewa kwa kielelezo kimoja ili kazi iende haraka, kwa hiyo ncha yoyote iliweza kukutana na ncha yoyote. Pembeni tayari kulikuwa na wavu wa kuzuia watoto wa shule wasianguke, na wavu huo uliificha mishazari. Lori nalo liliingia kwa kurudi nyuma, maana njia ile ni nyembamba, nusu zikashuka zikiwa zimeelekea kinyume, kila moja ncha yake ya nje imetazama katikati. Mimi na Injinia Nakato tulikuwa ng'ambo tunasawazisha vitako. Okot na Wafula waliunganisha. Bolti ziliingia bila kusukumwa. Wafula alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipopaswa kushangaa.

Tukarudi upande wao, kreni ikainua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ardhi ilikuwa laini, lakini daraja lilipanda vizuri, likazunguka, likakaa juu ya vitako vyake pande zote mbili. Taban akapanda katikati kwenda kufungua ndoano. Kabla ya kufungua tulikuwa na utaratibu mwingine wa Mzee Lomoro: dereva analegeza nusu tu ya uzito, anasimama, na mtu aliye juu anagonga kila mshazari kwa spana. Chuma kinachovutwa huimba. Ukisikia wimbo, unalegeza kilichobaki.

Ssalongo akalegeza nusu. Taban akagonga.

"Dada!" akaita. Genge zima lilikuwa linaniita Dada kwa sababu yake, hata wazee. "Dada, haiimbi!"

"Gonga nyingine!"

"Nimegonga! Zote ni kama napiga gunia la maharage!"

Injinia Nakato alikuwa kando yangu anafuta mvua kwenye miwani. Akaivaa, akanyoosha kidole, akaufuata mshazari mmoja hewani kutoka chini hadi juu, kisha mwingine.

"Nnyabo," akasema polepole, "N imegeuka."

Nikatazama kupitia wavu. Kwenye chumba cha mwisho, bapa lile jembamba lilikuwa limepinda tumbo. Tulikuwa tumejenga Howe kwa vyuma vya Pratt, na ndugu yangu alikuwa amesimama katikati yake, maji ya kahawia yakipita chini ya miguu yake.

"Ssalongo, shika hapo hapo!"

"Nimeshika!"

Na hapo ndipo mguu wa kreni ulipoanza kuzama. Mnajua kreni inasimama kwa miguu minne iliyotandazwa. Mmoja, ule wa upande wa mfereji, ulikuwa unaingia kwenye tope taratibu, na kreni nzima ikaanza kuinama kuelekea majini.

"Dada," Ssalongo akaita, bila haraka, "hii mashini inataka kulala."

Angalieni tulivyokuwa. Akiinua tena daraja zima, uzito unaongezeka na mguu unazama zaidi. Akiliachilia, mishazari inakunjika na daraja linaingia mferejini na Taban. Alichoweza kufanya ni kushika nusu ya uzito pale pale, mkono wake kwenye fimbo ya kuendeshea, huku kiti chake kikiinama.

"Taban atoke kwanza," Injinia Nakato akasema.

"Taban, toka! Tembea, usikimbie!"

"Nikitoka nani atafunga minyororo?" akajibu. "Mtamtuma mwingine aje na uzito wake?"

Alikuwa anaona tunachokiona. Miguuni pake zilikuwa zimelala winchi za mnyororo, zile za kuvuta kwa mkono, tulizotumia kuzivuta nusu mbili zikutane. Injinia Nakato alikuwa anasema, "Tunahitaji kitu cha kuvuta upande ule mwingine, kutoka juu ya nguzo ya mwisho kushuka ndani," na mimi nilikuwa nasema "mnyororo," na sijui nani alimaliza kwanza. Mnyororo hauwezi kusukuma. Lakini hapa hatukutaka usukume. Ukiufunga kwa pembe iliyo sahihi, ukaukaza, wenyewe unakuwa mshazari wa N, na lile bapa lililopinda linapumzika.

"Vyumba vya mwisho," Injinia akaita. "Anza na vyumba vya mwisho, pande zote, ndivyo vinavyobeba zaidi. Cha kwanza upande wa kreni!"

Taban akajifunga mnyororo begani akaanza kutembea.

Nyuma yangu nikasikia mbao zikipasuka. Mama Feza alikuwa anang'oa kibanda chake mwenyewe. Sufuria ya sombe ameiweka chini kwenye matope, anavuta ubao wa meza kwa mikono miwili.

"Yaya, munangoja nini?" akanifokea, maana kwao Kongo yaya ni dada mkubwa. "Kamata hizi mbao! Mutakula kesho!"

Okot na Wafula wakazikimbiza chini ya mguu wa kreni. Mbao ya kwanza ikamezwa na tope. Ya pili ikamezwa nusu. Walizipanga kwa kukatiza, wamelala tumbo kwenye matope, kreni imewainamia, na kila waliyopewa waliiingiza. Mguu ukapunguza mwendo. Haukusimama.

Nikaenda chini ya kreni. Kiti cha Ssalongo kilikuwa kimeelekea majini kiasi kwamba alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kioo cha mbele ili asiteleze.

"Ssalongo, ikizidi, ruka!"

"Niruke, halafu nani ashike fimbo? Wewe?"

"Ssalongo, nakuamuru!"

"Ssi mimi mtu yako, Dada, mimi ni wa kreni. Nyamaza bambi, nakuomba, unanipigia kelele." Akatazama juu. "Wewe Taban! Unafunga mnyororo au unasuka nywele za bibi harusi?"

"Nakusikia, Ssalongo!"

"Usinisikie! Funga!"

Taban alikuwa amepanda juu ya nguzo ya mwisho, miguu ameikunja kama anapanda mti, ndoano ya juu ameiingiza. Akashuka, akaifunga ya chini kwenye kiungo, akaanza kuvuta mkufu wa winchi. Tulikuwa tunausikia ukitiririka, tirr, tirr. Mnyororo ukanyooka. Ukakaza. Na lile bapa lililopinda likaanza kurudi, polepole, mpaka likanyooka. Injinia Nakato alinishika mkono hapo, na nadhani hakujua kwamba ameushika.

Akafunga wa pili, ng'ambo ya sakafu. Kisha akatembea daraja zima kwenda mwisho mwingine, na huo ndio mwendo mrefu kuliko wote niliowahi kuutazama. Nilikuwa nimembeba mtoto yule mgongoni nikichambua bolti. Nilikuwa nimewaambia watu wazima hakuna kugawana. Na sasa kazi yangu ilikuwa kusimama, mikono mitupu, na kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Ndoano ya juu kwanza. Vizuri. Sasa ya chini."

Kreni ikalia. Okot akapiga kelele kwamba mbao zimekwisha. Mama Feza akatoa mlango.

"Wa mwisho umekaza!" Taban akaita.

"Ssalongo," nikasema, "legeza. Kidogo kidogo."

Akalegeza. Daraja likashuka kwenye uzito wake, likatulia. Mishazari haikupinda. Minyororo ndiyo iliyoimba. Taban akafungua ndoano ya kreni, na mkono wake ulipokuwa mtupu ukarudi nyuma, na mguu uliozama ukaacha kuzama. Ndipo Taban akatembea mpaka mwisho, akashuka, akasimama mbele yangu akiwa ameloa, akaniuliza kama sombe bado ipo.

Ssalongo alishuka wa mwisho. Alipokanyaga chini alilalamika tu kwamba kiti kimemkalisha vibaya.

Mheshimiwa alifika baadaye. Alitazama minyororo akauliza kama ni mapambo. Injinia Nakato akamwambia waziwazi kwamba daraja limeunganishwa kinyume na halitafunguliwa leo, akamweleza na sababu, hakumtaja mtu yeyote. Ardhi ilipokauka tulileta kreni, tukaitandikia vizuri safari hii, tukazitenganisha nusu na kuzibadilisha. Watoto wa shule wanapita hapo kila siku. Na tangu wakati huo Injinia aliweka sheria ambayo ni bora kuliko viganja vyetu: matundu ya ncha za katikati yanatobolewa tofauti na yale ya ncha za nje. Ukikosea, bolti inakataa. Mkiona bolti inakataa, wanangu, msichukue nyundo. Ulizeni inajua nini ambacho nyinyi hamjui.

Deni la Mama Feza tulilipa wiki ile ile. Tulimjengea kibanda kipya cha chuma, paa lake W ndogo safi, ambalo lingebeba lori. Alikizunguka, akakigonga, akasema, "Yaya, aksanti, lakini hii joto utanielezaje? Ile ya mbao ilikuwa muzuri." Analalamika hadi leo, na anauza hadi leo.

Kwa Ssalongo nilipeleka mbuzi. Alikuwa anakaa Luzira, juu ya Port Bell, mahali ambapo mabehewa yakipakiwa kwenye feri unayasikia hadi sebuleni. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Huyu ni wa nini?"

"Wewe unajua."

"Sijui. Kale, sawa, mimi nilikaa kwenye kiti changu. Ndiyo kazi. Nitakula mbuzi ya mtu kwa sababu nilikaa?"

"Basi nikulipe na nini?"

"Nitafikiria," akasema, na mbuzi nikarudi naye, na boda aliyetupakia alikataa kunyamaza njia nzima.

Alifikiria kwa miaka. Kila tukikutana nilimuuliza, naye alinijibu kwamba bado anafikiria. Mgongo wake uliisha, akaacha kreni. Magoti yangu yakaisha, nikaacha genge, Taban akalichukua. Juzi hapa Ssalongo akaniita kwake. Mtoto wake wa kike, Kizza, aliyezaliwa baada ya wale mapacha waliompa baba yake jina la Ssalongo, amepata leseni ya kreni, na kazi yake ya kwanza ya daraja ni kule chini karibu na ziwa, kwenye ardhi ambayo sote tunaijua ilivyo laini. Genge lililopewa ni la Taban, na baadhi yenu mnaojifunza hapa karakana mmo ndani yake.

"Unajua shida ya Kizza?" Ssalongo akaniambia. "Kiti kikiinama, hatashuka. Namjua. Hiyo ameipata kwangu, wala sikumfundisha."

"Hataruka," nikakubali.

"Basi nimemaliza kufikiria. Mimi niliposhika fimbo, macho yangu yalikuwa juu, kwa mtoto wako. Mguu wa kreni sikuuona. Nataka mtoto wangu awe na mtu wa kuuona mguu."

"Ssalongo, mimi nimestaafu. Siwezi hata kuchuchumaa."

"Utapewa stuli."

Kwa hiyo Jumatatu mtanikuta pale, kwenye stuli, kando ya mguu wa kreni wa upande wa maji. Msinisalimie wakati uzito uko hewani, sitawajibu. Mbao za kutandika nimeshazichagua mwenyewe na Taban anajua zilipo. Mtu yeyote atakayeniambia "Mama, sogea, tutaangalia sisi" nitamshukuru na sitasogea. Ssalongo alikaa kwenye kiti kilichokuwa kinaangukia maji mpaka ndugu yangu akashuka kwa miguu yake mwenyewe, na kwa mtu wake mimi bado sijafanya kitu.